Nani Amlipe Mwalimu wa Nasari?

Safu ya Maswali ya Wasomaji

Katika toleo hili tumeitenga safu nzima kwa jambo moja. Barua tatu zimetufikia, kutoka Bwera, Bombo na Jinja, zote zikiuliza kuhusu lugha ya watoto wadogo na fedha za kuwafundishia. Ya Bwera ndiyo ndefu, na kwa kuwa mwandishi wake aliweka hesabu wazi bila kuficha shilingi, nayo imepewa nafasi kubwa.

Barua ya kwanza

Kwako Mwalimu. Baada ya salaam, natumai u mzima pamoja na jamaa zako. Mimi ni mhazini wa kikundi cha wazazi hapa Bwera, wilaya ya Kasese. Huu ni mwaka wa pili tunaendesha nasari yetu wenyewe katika chumba cha kukodi kando ya barabara iendayo Mpondwe. Watoto ni 34, wa bebi, mido na topu (madarasa matatu ya nasari, kutoka wadogo hadi wakubwa) kwa jumla, na walimu ni wawili. Mwezi uliopita wazazi tulikaa kuamua kama watoto wafundishwe kwa Lukonzo na Kiswahili badala ya Kiingereza tunachowalazimisha sasa. Kijana mmoja aliyeko chuo kikuu akasema kwamba huko Ayalandi serikali huwalipia watoto wa umri huu wasome kwa lugha ya mababu zao, na mzazi hatoi ada. Mzee wetu mmoja akamjibu kwamba lugha ni anasa ya matajiri, na kwamba sisi hata fedha ya uji inatushinda. Maneno yakawa mengi, kikao kikavunjika.

Naomba utueleze: huko wanatumia kiasi gani, nani anatoa, na je, mzee yule amesema kweli? Hesabu zetu ni hizi. Ada ni shilingi 70,000 kwa muhula. Kila mwalimu tunamlipa 200,000 kwa mwezi, kodi ya chumba ni 100,000 kwa mwezi, na uji, yaani unga, sukari na kuni, ni 40,000 kwa wiki katika wiki 36 za masomo. Kwa vitabu na picha za ukutani za lugha zetu tulikadiria 250,000 kwa mwaka, na hiyo ndiyo iliyozua ugomvi. Muhula wa tatu mwaka jana watoto 7 hawakulipa chochote, nasi hatukuwafukuza.

Mhazini, Bwera

Jibu

Mama Mhazini, salaam zako zimefika. Nitaanza na Ayalandi kwa kuwa ndiko ulikouliza, kisha nitalirudia daftari lako, ambalo kwa kweli ndilo lililonikosesha usingizi.

Madarasa aliyoyataja kijana wenu huitwa naíonraí. Moja ni naíonra, jina linalotokana na neno la Kiayalandi lenye maana ya mtoto mchanga. Humo mwalimu huzungumza Kiayalandi peke yake tangu mtoto anapoingia hadi anapochukuliwa na mzazi, ingawa wengi wa watoto hao wanatoka katika nyumba zinazosema Kiingereza. Mtoto anaweza kujibu kwa Kiingereza na hatakemewa. Mwalimu humrudishia neno lile lile kwa Kiayalandi, wakati wa kunawa mikono, wa kula, wa kuvaa koti, kila siku kwa maneno yale yale, mpaka siku moja litoke lenyewe kinywani mwa mtoto. Naíonra ya kwanza ilifunguliwa mwaka 1968, na kwa miongo kadhaa madarasa haya yaliendeshwa kama nasari yenu: wazazi wenye ari, chumba cha kuazima, ada ndogo, na mwalimu aliyevumilia malipo haba.

Mambo yalibadilika Januari 2010. Serikali ya Ayalandi ilianzisha mwaka mmoja wa elimu ya awali bila ada kwa watoto wote wa nchi, wawe wa Kiingereza au wa Kiayalandi, na kufikia 2018 ikawa miaka miwili. Mtoto hupata saa 3 kwa siku, siku 5 kwa wiki, kwa wiki 38 za mwaka. Fedha hazipitii mkononi mwa mzazi. Serikali humlipa anayeendesha darasa, kwa kuhesabu vichwa vya watoto. Malipo yalianza na euro 64.50 kwa mtoto kwa wiki, yakapunguzwa hadi 62.50 mwaka 2012 nchi ilipokuwa imelemewa na madeni, yakarudishwa, na mwaka 2018 yakapandishwa hadi euro 69. Zidisha 69 kwa wiki 38, utapata euro 2,622 kwa mtoto mmoja kwa mwaka. Tukikadiria euro moja kwa shilingi 4,000 zetu, hiyo ni zaidi ya shilingi milioni 10.

Naomba kiasi hicho usikisome kwa jicho la Bwera. Mwezi Septemba 2022 mshahara wa chini kabisa wa mwalimu wa watoto wadogo katika nchi ile uliwekwa kisheria kuwa euro 13 kwa saa, yaani takriban shilingi 52,000 kwa saa moja. Chumba, bima na joto la majira ya baridi vina bei zinazoendana na mshahara huo. Kwa hiyo tusilinganishe shilingi kwa shilingi. Tulinganishe kile fedha zinachofanya.

Sasa sikiliza jambo ambalo kijana wenu hakulisema, pengine kwa kuwa hakulijua. Naíonra hulipwa euro zile zile 69 zinazolipwa nasari ya Kiingereza ya mtaa wa pili. Serikali haikutenga bei ya mtoto wa Kiayalandi na bei nyingine ya mtoto wa Kiingereza. Mtoto akishakubaliwa kuwa na haki ya darasa la awali, gharama kubwa imekwisha kulipwa, kwa maana chumba ni kile kile, mwalimu ni yule yule, na anakula mshahara ule ule kwa lugha yoyote atakayoifungulia kinywa. Kinachoongezwa kwa ajili ya lugha ni mafunzo ya walimu, washauri wanaotembelea madarasa, vitabu na nyimbo. Hayo hugharimiwa pembeni, kwa sehemu kubwa na Foras na Gaeilge, taasisi ya lugha iliyoundwa Desemba 1999 na kufadhiliwa na serikali mbili, ya Ayalandi iliyoko Dublin na ya Ayalandi ya Kaskazini iliyoko Belfast. Katika wilaya ambako Kiayalandi bado kinasemwa, zinazoitwa Gaeltacht, mkono huo hutoka Údarás na Gaeltachta, mamlaka ya maendeleo ya wilaya hizo. Fedha hizi za lugha ni kijito tu mbele ya mto wa malezi na elimu ya awali kwa jumla, ambao mwaka 2023 ulizidi euro bilioni moja.

Hata hivyo, nisikupambie. Mfumo wa kulipa kwa kichwa una jeraha lake, na jeraha hilo huwaumiza zaidi watu wa lugha ndogo. Chukua darasa la mjini lenye watoto 22 na walimu wawili, kwa kuwa kanuni ni mtu mzima mmoja kwa watoto wasiozidi 11. Kwa euro 69, darasa hilo huingiza 1,518 kwa wiki, na 57,684 kwa mwaka. Sasa nenda kijiji cha mwambao wa magharibi, ambako Kiayalandi ndiyo lugha ya nyumbani na watoto wa umri huo ni 6 tu. Darasa linaingiza euro 414 kwa wiki, 15,732 kwa mwaka, na kutoka humo utoke mshahara, kodi, bima na joto. Mahali ambapo lugha iko hai ndipo watoto walipo wachache, na mahali watoto walipo wachache ndipo malipo ya vichwa yanapomwacha mwalimu mikono mitupu. Mwaka 2022 serikali ilianza kutoa fedha za nyongeza zinazotazama nafasi zilizopo na saa za kufungua, badala ya kuhesabu waliojiandikisha peke yao. Kwa mwaka mzima wa kwanza zilitengwa euro milioni 221 kwa nchi nzima. Ilichukua miaka 12 kukiri jambo ambalo mwalimu wa kijijini angeliwaonyesha kwa vidole vya mkono.

Kuna na wiki 14. Mwaka una wiki 52, mpango unalipa 38. Katika wiki zinazobaki walimu wengi wa madarasa haya hawana mshahara, na wapo wanaojiandikisha kwa posho ya wasio na kazi kila kiangazi, huku mwenzao wa shule ya msingi akilipwa miezi yote 12. Mtu mwenye cheti cha malezi na pia Kiayalandi fasaha si wa kuokota njiani. Shule ya msingi ikimwita, ataenda, na naíonra itaanza tena kutafuta. Ndipo ninaposema kwamba hasara kubwa ya fedha katika elimu ya lugha ni kumfundisha mwalimu kisha kumwacha aondoke.

Turudi kwenye daftari lako. Nimelipiga hesabu mara tatu. Watoto 34 kwa 70,000 kwa mihula mitatu ni 7,140,000, iwapo kila mmoja atalipa. Walimu wawili kwa miezi 12 ni 4,800,000. Chumba ni 1,200,000. Uji ni 1,440,000. Jumla ni 7,440,000. Mama Mhazini, mmepungukiwa na 300,000 kabla hamjanunua kitabu hata kimoja cha Lukonzo. Ukiongeza zile 250,000 za lugha, matumizi yanakuwa 7,690,000, na sehemu ya lugha humo ni shilingi tatu na ushee katika kila mia. Wale watoto 7 wa muhula wa tatu peke yao walikuwa na deni la 490,000, karibu mara mbili ya vitabu vyote mnavyovigombania. Mzee wenu ana haki kusema fedha haitoshi. Alipokosea ni pale alipoilaumu lugha. Jahazi lenu linavuja mahali pengine, na mmekuwa mkizozana juu ya rangi ya tanga.

Linavuja wapi? Kwa sheria ya elimu ya mwaka 2008, elimu ya awali nchini Uganda imeachwa mikononi mwa watu binafsi, mashirika na wazazi. Serikali hutoa mwongozo wa mafunzo, usajili na ukaguzi, lakini mshahara wa mwalimu wa nasari hautoki Kampala. Mtoto akifika darasa la kwanza la shule ya serikali ndipo anapohesabiwa kwa ruzuku, nayo ni shilingi 20,000 kwa mwaka. Kabla ya hapo, mlipaji ni wewe, muuza nyanya wa sokoni Mpondwe, na mkulima anayesubiri kahawa iuzwe.

Na hapa naomba unisikilize kwa makini, kwa kuwa watu wengi hulaumu wazazi kwa kupenda Kiingereza. Mzazi anayetoa fedha yake mfukoni ananunua. Anayenunua huchagua kinachoonekana, na Kiingereza cha mtoto wa miaka minne huonekana mara moja: anarudi nyumbani anahesabu "wani, tuu", jirani wanapiga makofi, na mzazi anaridhika kwamba ada yake haikupotea. Mwenye nasari naye anajua hilo, basi anaandika Kiingereza kwenye kibao cha barabarani. Hakuna mwovu katika biashara hii. Lakini lugha ya mama haina soko, sababu mtoto alikuwa nayo tayari, na nani atanunua alichonacho? Ayalandi ilipoanza kulipa, mzazi aliondolewa katika nafasi ya mnunuzi. Alipelekwa kuchagua darasa bila kuhofia kwamba amepoteza fedha zake, na hapo ndipo naíonra iliposimama sawa na jirani yake. Faida ya fedha ya umma kwa lugha, kwa maoni yangu, ndiyo hiyo zaidi ya nyimbo na vitabu.

Niliwahi kukaa asubuhi nzima katika nasari moja ya huko kwenu magharibi, ambayo sitaitaja. Watoto walikuwa wamekaa juu ya mkeka wa mafunjo, vikombe vya plastiki vya uji vimepangwa dirishani, na ukutani gunia la unga lililochorwa matunda kwa rangi, chini ya kila tunda neno la Kiingereza. Binti mmoja alikuwa na kibao kimetundikwa shingoni kwa kamba ya katani, kwa kuwa alikuwa amesema Lukonzo. Mwalimu alipouliza jambo lolote, darasa zima liliitikia "yes, madam". Wakati wa mapumziko nilimwomba yule binti, kupitia mama mpishi, anieleze mnyama aliyechorwa mlangoni. Alieleza jinsi nyani walivyoingia shamba la babu yake, wangapi walikuwa, nani aliwafukuza, mbwa alifanya nini, na kwa nini nyanya yake alicheka hadi akaketi. Alijua kuhesabu, alijua sababu na matokeo, alijua kupanga kisa. Darasani alikuwa bubu. Ayalandi walikuwa na kitu kama hicho katika karne ya 19: kijiti, bata scóir, kilichotundikwa shingoni mwa mtoto na kutiwa alama kwa kila neno la Kiayalandi alilosema, ili apigwe kwa hesabu ya alama. Leo taifa lile lile linalipa mamilioni ili watoto waseme maneno yale yale yaliyowachapisha babu zao viboko.

Nitakalokushauri ni hili. Mwalimu wenu mmoja abaki na watoto wa bebi na mido kwa Lukonzo, na Kiswahili kiingie kwa nyimbo na michezo, kwa vile sokoni wanakisikia kila siku kutoka kwa wafanyabiashara wa Kongo. Topu waanze Kiingereza cha kusikiliza na kusema. Msinunue vitabu vyote vya shilingi 250,000 kwa mara moja. Mtaala wa darasa la kwanza hadi la tatu tangu 2007 unataka lugha ya mama, na Lukonzo ni mojawapo ya lugha 12 zilizochapishiwa vitabu vya kusoma vya madarasa hayo. Mwombeni mwalimu mkuu wa shule ya msingi ya jirani awaazime nakala chache, kisha nyanya wa kijiji waje kusimulia hadithi siku moja kwa wiki. Fedha mtakayookoa iende kwa walimu, ili wasihame. Nakala ya hesabu hii ipelekeni kwa mwenyekiti wa LC3, yaani baraza la gombolola, kabla ya kikao cha bajeti cha gombolola, mkiomba jambo moja tu, kodi ya chumba, 1,200,000 kwa mwaka. Ombi dogo lenye hesabu husomwa, na ombi kubwa la "kusaidia lugha yetu" huwekwa chini ya mafaili. Gombolola likikubali kodi, pengo la 300,000 linafungwa, vitabu vinapata fedha yake, na watoto wale 7 wanabaki darasani bila nyinyi kukopa.

Barua ya pili

Mwalimu, nimesikia habari za Ayalandi hata mimi. Lakini nchi hiyo imejitawala tangu 1922 na kufundisha lugha yake shuleni muda wote huo, na bado ukienda Dublin unasikia Kiingereza. Kama karne nzima ya fedha za umma haikurudisha lugha, kwa nini sisi tuanze kumwaga zetu?

Msomaji, Bombo

Jibu

Ndugu yangu wa Bombo, swali lako ni la haki na sitalizunguka. Katiba yao ya 1937 inasema Kiayalandi ndiyo lugha ya taifa na lugha rasmi ya kwanza. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 1,873,997 waliosema wanakijua, ambao ni kama 40 katika kila 100. Lakini waliosema wanakitumia kila siku nje ya shule walikuwa 71,968 tu, na miaka sita nyuma yake walikuwa 73,803. Mwaka 2010 serikali ilitangaza mpango wa miaka 20 wa kuwafikisha watumiaji wa kila siku 250,000, kutoka 83,000. Unaona mwenyewe namba zimeelekea wapi. Shule inaweza kumpa mtoto lugha. Kuitumia sokoni, kazini na kitandani na mchumba wake, hilo shule haiwezi.

Kwa hiyo nakubaliana nawe kwamba fedha peke yake haifufui lugha. Tusichokubaliana ni somo la kuchukua. Ayalandi inalipa ili kumrudishia mtoto kitu ambacho hakukipata nyumbani. Mtoto wa Bombo anayesema Kinubi, mtoto wa Arua anayesema Kilugbara na mtoto wa Bwera wanaingia nasari wakiwa wamejaa lugha tayari, bure, bila shilingi ya mtu yeyote. Sisi hatuhitaji fedha za kuiweka. Tunahitaji kutolipa fedha za kuiondoa, na hivi sasa ndicho tunacholipia kwa ada zetu. Kazi ya Ayalandi ni ghali kwa sababu walichelewa. Kazi yetu bado ni nafuu, na kila mwaka unaopita bei yake inapanda.

Kisha, usiwasahau waliofanikiwa. Huko Belfast, Ayalandi ya Kaskazini, familia chache zilijenga nyumba zao pamoja kwenye barabara ya Shaw's Road mwishoni mwa miaka ya 1960 ili waishi kwa Kiayalandi, na mwaka 1971 wakafungua shule ya msingi yenye watoto 9. Waliigharimia kwa michango hadi 1984, serikali ilipokubali hatimaye kuilipia. Miaka 13 ya kuchangishana! Waliweza kwa sababu lugha ilikuwa nyumbani kwanza, shule ikafuata, na fedha ya umma ikaja nyuma yao. Mpangilio huo ndio ninaouamini. Nasikitika tu kwamba watoto wengi wa wakati ule walikua kabla fedha haijafika.

Na fedha ikishafika, isichukuliwe kuwa ya milele. Mwaka 2014 Foras na Gaeilge ilipunguza mashirika inayoyafadhili kutoka 19 hadi 6, na shirika lililokuwa likiwasimamia walimu wa naíonraí kwa miaka mingi likapoteza ruzuku yake, kazi zake zikakabidhiwa jingine. Kwa daftari la serikali ilikuwa akiba ndogo. Kwa mwalimu aliyezoea kupiga simu kwa mshauri anayemjua kwa jina, ilikuwa kuanza upya.

Barua ya tatu

Mwalimu, mimi nafundisha nasari iliyo ndani ya kambi ya askari hapa Jinja. Darasani nina watoto wa makabila tisa. Lugha ya mama ipi nifundishe?

Mwalimu wa topu, Jinja

Jibu

Mwalimu mwenzangu, fundisha kwa lugha wanayogombania mpira. Kambini hiyo ni Kiswahili, na umri wao hautasubiri sisi wakubwa tukubaliane. Kiswahili kilifanywa lugha rasmi ya pili ya nchi hii kwa marekebisho ya katiba ya mwaka 2005, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaagiza kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Nasari haikutajwa. Kilichokosekana tangu hapo ni walimu, na ndio mzigo wenyewe wa fedha: kuwasomesha, kuwaajiri na kuwaweka. Sera ya walimu ya mwaka 2019 inataka kila mwalimu awe na shahada, hata wa nasari. Naiunga mkono, kwa sharti moja: anayemtaka msomi amlipe kama msomi. Ayalandi walipotaka viongozi wa madarasa ya awali wawe na shahada, waliongeza malipo ya darasa pale alipokuwapo kiongozi mwenye shahada: tangu 2018 yalikuwa euro 80.25 kwa mtoto kwa wiki badala ya 69. Hapa shahada imetakiwa, na nyongeza ya mwalimu wa nasari mimi sijaiona.

Kuhusu watoto wako wa makabila tisa: mpe kila mmoja siku yake ya kuwafundisha wenzake salamu za kwao, maji yanaitwaje kwao, mama anaitwaje. Haigharimu kitu. Masomo yenyewe yaende kwa Kiswahili, na Kiingereza kije polepole katika muhula wa mwisho, kabla hawajahamia shule ya msingi ya nje ya kambi. Kuhusu vifaa, vizibo vya soda vinatosha kwa kuhesabu, na magunia ya unga yanachorwa vizuri ukiyafua kwanza kwa maji ya moto. Na kama kibao cha shingoni bado kipo kabatini mwenu, kivunje ukitumie kuwashia moto wa uji.